Mashine Isiyomdanganya Mtoto

Benchi letu si benchi, ni mlango wa kabati uliolazwa juu ya matofali sita, na hilo lisimfanye mtu atudharau. Liko kati ya kibanda changu cha kushona viatu na chumba cha Gundi, mjalidi wa vitabu, ambaye jina lake halisi limebaki kwenye kitambulisho tu. Kila asubuhi tuko palepale. Mimi, wananiita Kisigino. Gundi mwenyewe, mzee mpole, vidole vimeganda gundi ya unga siku zote. Spika, fundi wa vipaza sauti, anayeongea kana kwamba na yeye ni kimojawapo. Na Daktari, ambaye hajawahi kumtibu mtu hata mafua, wagonjwa wake ni mafriji. Mama Kahawa anakaa upande wa pili na jiko lake na birika lake, anatumiminia, anatusikiliza, na tukizidi anatufokea. Asubuhi hiyo Gundi alikuwa amekishika kikombe chake muda mrefu bila kunywa, na mimi mambo kama hayo yananiudhi.

Kisigino: Mzee, kunywa. Au unangoja kahawa ikubembeleze?

Gundi: Binti yangu anakuja saa nne.

Kisigino: Sasa hilo ndilo la kununia? Wenzako watoto wao hawaji hata wakiitwa.

Gundi: Anakuja kuchukua kitabu.

Hapo sote tukaelewa. Binti wa Gundi anatengeneza filamu, na filamu yenyewe ni kama yetu sote. Ameitoa kwenye hadithi ya zamani, ya miaka mingi kabla hatujazaliwa, ambayo mtu fulani aliitafsiri, ikachapwa kidogo, ikasahaulika. Ni habari ya mashine iliyotengenezwa kama mtu, ikanunuliwa na familia moja ije kufanya kazi za nyumbani. Inapika, inafua, inalea. Ndani ya kichwa chake wameitia sharti moja: haimdanganyi mtoto. Mkubwa inaweza kumzungusha, mtoto hapana. Kifua cha hiyo mashine, kwenye filamu, ni mlango wa friji aliotoa Daktari. Sauti yake inatokea kwenye kipaza sauti cha Spika. Na soli za miguu nimezikata mimi kwa mpira wa gurudumu, ili yule mwigizaji aliyemo ndani asiteleze kwenye vigae. Kwa hiyo msituone tunaingilia mambo ya watu.

Daktari: Si mchana huu ndio wanapiga ile sehemu ya mwisho?

Gundi: Ndiyo. Ila jana wenye haki ya hadithi wameleta barua.

Akaitoa mfukoni. Binti alikuwa amemwachia nakala. Spika akamnyang'anya, akaisoma kwa sauti ambayo hata mtaa wa nyuma walielewa. Barua ilisema hivi: tumeona mwisho mlioandika. Mtoto anaiuliza mashine, utakuwepo kesho, na mashine inajibu, nitakuwepo, halafu asubuhi inachukuliwa. Mashine yetu haijawahi kumdanganya mtoto. Rudisheni jibu lililomo kitabuni, neno kwa neno kama lilivyotafsiriwa, la sivyo ruhusa hakuna.

Mama Kahawa: Si warudishe tu? Kitabu kipo.

Gundi: Kipo. Karatasi ya mwisho haipo.

Mama Kahawa: Na kitabu kingine?

Gundi: Amezunguka maktaba zote. Hakuna. Hiki changu ndicho pekee, anakichukua akawaonyeshe kilivyo.

Kisigino: Ngoja kwanza. Kama karatasi haipo, hilo "nitakuwepo" mtoto wa watu alilitoa wapi?

Gundi akakiangalia kikombe. Mimi namjua miaka thelathini. Akikiangalia kikombe namna ile, kuna jambo.

Gundi: Kwangu. Nilimwambia karatasi ilichanika, lakini mimi niliisoma kabla haijachanika, na ndivyo ilivyosema.

Kisigino: Na ndivyo ilivyosema?

Gundi: Hapana.

Lo! Benchi zima likageuka. Gundi huyu, ambaye mteja akimletea kitabu chenye ukurasa uliokunjwa kona anaunyoosha kwa kijiko cha moto kwanza ndipo aseme habari za asubuhi! Ametunga mwisho wa kitabu cha watu, mtoto ameukuza kichwani, amekuwa mtu mzima, ameandika filamu nzima juu yake, na sasa kazi yake ya miaka mitatu inakwenda na maji.

Gundi: Atanionaje, jamani? Na nitamwambia nini?

Alivyosema vile nilimhurumia, na mimi nikimhurumia mtu huwa nakasirika zaidi. Nikawaambia wenzangu wasikae wamekodoa macho, watafute la kusema, tuna saa nzima. Wallahi ningejua ningenyamaza.

Daktari: Hili dogo. Tunawajibu kitaalamu. Kesho ni nini kwa mashine? Friji ukilizima Jumatatu ukaliwasha Alhamisi, lenyewe linajua imepita dakika moja. Kwa hiyo ile mashine wakiizima, siku watakayoiwasha, hata baada ya miaka mia, hiyo ndiyo kesho yake. Imesema nitakuwepo. Ipo. Uongo uko wapi?

Mama Kahawa: Na mtoto atakuwa ameshazeeka.

Daktari: Hayo ya mtoto. Mimi nazungumzia mashine.

Spika: Daktari, kaa pembeni. Mashine zilikuwa mbili!

Kisigino: Umeziona wapi?

Spika: Lazima! Nyumba kubwa vile, watoto watatu, nguo za kila siku, mashine moja itatosha? Moja iko jikoni, ya pili iko stoo, zimefanana. Inayochukuliwa ni ya stoo. Iliyomjibu mtoto inabaki jikoni inakatakata vitunguu. Hakuna aliyedanganywa, na filamu ya pili tumeshaipata.

Mama Kahawa: Mashine ya pili ilikuwa stoo hadithi nzima bila mtu kuifungulia?

Spika: Shangazi, wewe stoo yako mara ya mwisho umeifungua lini?

Mama Kahawa akaanza kuhesabu kwa vidole. Na mimi, nikiri tu, nikaingia. Nikasema mashine haikusema itakuwepo wapi. Nitakuwepo, inaweza kuwa kiwandani, inaweza kuwa garini. Mtoto hakuuliza mahali. Daktari akasema hiyo ni akili ya fundi aliyeahidi viatu Ijumaa bila kutaja Ijumaa ipi, wakacheka, nikanuna.

Spika: Basi sikieni hii. Msinikatize. Mtoto ndiye mashine.

Daktari: Ehee!

Spika: Kwenye ile nyumba, nani anauliza maswali muda wote? Mtoto. Nani halipi, hafanyi kazi, hachoki? Mtoto. Ile tunayoiita mashine ni mtu wa watu, kavaa bati kwa sababu zake. Sasa mtu akimdanganya mashine, kuna sharti gani limevunjwa?

Daktari: Hakuna! Tena ukienda mbele zaidi, nyumba nzima ni mashine. Baba mashine, mama mashine, paka mashine. Wameungana wote kwenye waya mmoja. Siku ya mwisho haichukuliwi mashine, unakatika umeme!

Spika: Na wenye hadithi nao ni mashine! Iangalieni hii barua. Haina salamu! Binadamu gani anaandika barua bila hata kusema natumaini hamjambo?

Tukaigombania barua, tukaigeuza mbele nyuma, na kweli salamu haikuwemo. Kwa muda mfupi, nisidanganye, tuliamini. Mama Kahawa ndiye aliyegonga birika kwa kijiko.

Mama Kahawa: Nyamazeni! Mzee yuko mashakani hapo, nyinyi mnahesabu paka. Gundi, nikuulize. Ile karatasi ilichanika vipi?

Gundi: Haikuchanika. Niliikata mwenyewe, kwa wembe.

Spika akairudisha barua mkononi mwa mzee.

Gundi: Mke wangu alikuwa amefariki wiki tatu nyuma. Mtoto ana miaka saba. Chakula hali vizuri, hachezi, anachotaka ni kusomewa tu. Nikawa namsomea hicho kitabu, kila siku sura moja baada ya chakula. Sikujua kinakwenda wapi, nami nilikuwa nasoma naye. Tukafika mwisho. Ukurasa ule unaishia na swali: utakuwepo kesho? Nikafungua wa pili. Neno la kwanza, juu kabisa, hapana.

Akakiweka kikombe chini.

Gundi: Amekaa magotini pangu, ananiangalia mdomo. Ningeanzaje? Nikasema, nitakuwepo. Akalala. Asubuhi nikachukua wembe, nikaikata, asije akajifunza kusoma akaikuta.

Kisigino: Ukaitupa.

Gundi: Mjalidi hatupi karatasi, Kisigino. Hata wewe kipande cha ngozi hutupi.

Kisigino: Sasa iko wapi?

Akaingia chumbani kwake, akatoka na kitabu. Kidogo, jalada la kitambaa cha kijani, kimeshonwa vizuri hadi raha. Akakifungua nyuma, akaupapasa ubao wa jalada kwa kidole gumba. Ndani ya jalada, chini ya karatasi nyeupe, huwa wanabandika karatasi chakavu ili ubao usipinde. Alikuwa ameibandika humo. Miaka thelathini kitabu kimekaa nyumba moja na binti yake, na jibu limo ndani ya jalada lake lenyewe.

"Shikamooni wazee wangu. Shikamoo shangazi."

Tulishtuka wote kama wezi. Binti alikuwa amesimama nyuma yetu, mkoba begani, kitambaa kichwani, macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Daktari akaanza kueleza kuhusu umeme wa paka, nikamkanyaga mguu.

"Marahaba, mwanangu," Gundi akasema. "Umesikia?"

"Nimesikia kuanzia wembe."

Alikaa kwenye ncha ya benchi, akauweka mkoba chini.

"Ulinidanganya, Baba."

"Nilikudanganya."

"Nimewaambia waigizaji wangu, wafanyakazi wangu, kila mtu, kwamba huu ndio mwisho mzuri kuliko yote niliyowahi kusikia. Nimegombana na watu kwa ajili yake. Watu ishirini na sita wananisubiri sasa hivi kwenye ile nyumba, na sina cha kuwapa."

"Najua. Nisamehe, mama."

Aliupapasa ubao wa jalada pale baba yake alipopapasa. Kisha akauliza kama inatoka.

Hapo Gundi akabadilika. Mtu akiulizwa kazi yake hurudi kuwa yeye. Akasema gundi yake ni ya unga wa ngano, haikatai maji, lakini maji yatatibua wino, kunahitajika mvuke, tena wa polepole. Sote tukamgeukia Mama Kahawa.

"Msiniangalie. Birika lina kahawa ya watu wote wa asubuhi."

"Shangazi," binti akasema.

"Nimekataa? Nimesema lina kahawa tu. Leteni hicho kitabu."

Nikampa Gundi kisu changu chembamba cha kupunguzia ngozi, ambacho simpi mtu, mke wangu mwenyewe hajawahi kukigusa. Akaichana karatasi nyeupe pembeni, akaikunja nyuma. Mama Kahawa akachochea moto, akafunua kifuniko, Gundi akaushika ubao juu ya mvuke, anausogeza taratibu kama anayepiga pasi kola. Tulisimama tumezunguka jiko. Wateja wawili walikuja kutaka kahawa, Spika akawaambia tuko kwenye upasuaji. Kahawa ilichemka, ikapungua, ikawa tope jeusi chini ya birika, na Mama Kahawa hakulalamika hata mara moja, jambo ambalo sijawahi kuliona. Karatasi ilianza kuinuka kona. Gundi akaingiza kisu, akapuliza, akasukuma, akapuliza. Ikatoka nzima. Imekuwa rangi ya chai, ina mabaka, lakini herufi zote zipo.

Akaitandaza juu ya kibao changu cha kazi. Akaweka kidole juu kabisa, kwenye lile neno, na kidole hakikuondoka hapo.

Binti akainama. Alisoma akiwa kimya, mstari kwa mstari, tunamuona macho yanashuka. Akafika chini. Akarudi juu. Akamtazama baba yake.

"Baba, siku ile ulisoma mpaka wapi?"

"Hapa. Kwenye hapana."

"Na huku chini?"

Gundi akatutazama sisi, kana kwamba mmoja wetu anajua. Daktari akaangalia kucha zake. Maana tulikuwa tumepigania huo mwisho asubuhi nzima, tumeweka mashine stoo, tumekata umeme, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza kama baada ya lile neno kuna kingine.

"Sikusoma," akasema Gundi. "Niliona hapana, nikafunga."

"Basi soma sasa."

"Miwani..."

"Umevaa."

Akaisoma. Alisoma kwa sauti yake ndogo, anakwama kwenye mabaka. Mimi nimeikariri, maana nimemfanya aisome mara tatu tangu siku ile.

"Hapana, ilisema mashine. Kesho sitakuwepo. Mtoto akalia. Mashine ikangoja amalize, haikumkataza. Alipomaliza akasema: sasa nani atanisuka? Mashine ikasema: wewe mwenyewe. Kaa hapa mbele yangu, lete mikono yako. Gawa mafungu matatu. La kulia lipite juu ya la kati. La kushoto lipite juu ya la kati. Usivute sana. Umekosea, fungua, anza tena, bado kuna mwanga. La kulia juu ya la kati. Wakaendelea hivyo mpaka mtoto akawa anasuka peke yake, na mashine ikaondoa mikono yake."

Ikaishia hapo. Ukurasa ulikuwa umekwisha.

Mama Kahawa alikuwa anajifuta macho kwa pindo la khanga, anasingizia moshi. Gundi hakulia. Alikuwa amekunja uso kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali.

"Uliniuliza," akamwambia binti yake. "Wiki ile ile. Asubuhi ya shule, umeshika kitana. Nani atanisuka. Uliniuliza hivyo hivyo."

"Nakumbuka."

"Nikakupeleka kwa kinyozi."

"Shule nzima waliniita Balbu, Baba. Mpaka darasa la sita."

Na mimi nikakumbuka. Kale katoto kanapita hapa na begi kubwa, kichwa kinang'aa, na sisi wajinga tukasema afadhali, mzee amerahisisha kazi. Spika ndiye aliyeanza kucheka. Hakukusudia, kilimtoka tu. Binti akacheka, kisha akawa anacheka na kulia pamoja, na Gundi akamshika kichwa kwa mikono miwili, juu ya kitambaa, akakishikilia.

"Laiti ningeshusha jicho mistari miwili tu," akasema. "Jibu lilikuwa limeandikwa! Namna ya kufanya ilikuwa imeandikwa hapo hapo!"

"Ulikuwa na miaka mingapi, Baba?"

"Thelathini na moja."

"Mimi nina thelathini na saba," binti akasema. "Na jana niliposoma ile barua nilijifungia chooni nikalia. Usijilaumu."

Akapiga picha ule ukurasa kwa simu, akawatumia wenye hadithi na watu wake. Simu ikaanza kulia papo hapo, watu wake wanauliza anafika saa ngapi. Akaizima. Akavua kitambaa. Nywele alikuwa nazo nyingi, amezifunga nyuma kwa mpira. Akautoa ule mpira, akageuka, akakaa chini, kwenye gazeti langu, mgongo ukiwa umeegemea magoti ya baba yake.

"Mafungu matatu," akasema.

"Wanakungoja watu ishirini na sita."

"Gawa, Baba."

Akagawa. Mungu anisamehe, nimeona watu wakifanya kazi mbaya, lakini ile! Mtu anayeshona kurasa mia tano bila mshono kupishana alishindwa na mafungu matatu ya nywele. La kulia likaenda chini, la kushoto likampotea kabisa, akawa na manne, hatujui la nne lilitoka wapi. Daktari akasema lipite juu, Spika akasema linyooshe kwanza, mimi nikasema libane mwishoni. Mama Kahawa akatufukuza wote kwa mkono.

"Mwacheni! La kulia, baba. Juu ya la kati. Ehee. Usivute sana."

Alifungua mara tatu, akaanza upya mara tatu, binti akiwa amefumba macho. Hatimaye ukatokea msuko mmoja. Ulianzia katikati ukaishia karibu na sikio, na huku juu mabonge ya unga yameshika nywele.

Gari la kazini kwake likaja likapiga honi. Binti akainuka, akapapasa kisogo, akaufuata msuko kwa vidole mpaka mwisho.

"Njoo nikurekebishie hapa juu," Mama Kahawa akamwambia. "Huwezi kwenda kwa watu hivyo."

"Usiguse, shangazi."

Akachukua mkoba na kitabu, kitambaa akamwachia baba yake mkononi, akapanda gari, akakaa dirisha la upande wetu, msuko ukiwa wazi, sote tunauona.